Kelele za Ghorofani

Mkuu wa kituo alitaka faili lifungwe siku ile ile. Mama mzee kaanguka chumbani mwake, kavunjika nyonga, kafariki. Ajali ni ajali, alisema, na mtaa una wezi wa kutosha. Inspekta aliitikia "ndiyo, afande" kwa sauti aliyoitumia kila alipokusudia kufanya kinyume, akamwita koplo wake, wakaenda zao.

Inspekta hakuwa na sifa ya huruma. Alikuwa mama mtu mzima mwenye ulimi mkavu, na vijana wa kituoni walimwita Ndimu akishageuza mgongo. Alijua, wala hakuona sababu ya kuwakataza. Kwa hiyo si huruma iliyomrudisha kwenye nyumba ile. Siku ya mazishi mwanamke mmoja alimshika mkono wa shati, akamwomba jambo moja, naye akamjibu kwa haraka, kama wafiwa wanavyojibiwa, kwamba wataona. Tangu hapo ombi lile lilikuwa limemkaa kooni.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa moja. Chini palikuwa na karakana ya makochi. Mwenye karakana aliitwa Fundi na kila mtu, hata na watoto wake. Mkewe alikaa kwenye cherehani akishona vitambaa vya makochi, na mzee mmoja mwajiriwa alipigilia. Mzee huyo waliishia kumwita Misumari, kwa kuwa siku nzima alikuwa na misumari midogo mdomoni, akiitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, jambo lililomwepusha na mazungumzo mengi ya kijinga. Juu waliishi wenyewe pamoja na mama yake Fundi, na mama huyo alikuwa na kasuku.

Kasuku aliitwa Diwani. Wateja ndio waliompa cheo hicho, kwa sababu alisema kutwa na hakuna kilichofanyika. Angekuwa anasema tu, watu wangecheka na kuendelea na kazi. Lakini Diwani alikuwa na ukelele wa kupasua kichwa, na kabla ya ukelele alikuwa na neno lake, alilolipata kwa bibi mwenyewe, maana bibi alimwita mwanawe hivyo mara kumi kwa siku: "Njoo! Njoo, baba!" Aliliiga pamoja na mikwaruzo ya koo la bibi na ile pumzi ndogo ya mwisho. Ukiwa chini hungeweza kujua nani anayeita.

Majirani walipochoka kulalamika, Fundi alimleta daktari wa wanyama. Daktari alisema ndege huyu anapiga kelele kwa sababu kelele zinamlipa. Kila anayepanda kumnyamazisha, awe anambembeleza au anamtupia kandambili, amemlipa. Dawa ni moja: akipiga kelele, mtu asiende. Akinyamaza, nenda, mwambie neno zuri, mpe karanga. Na daktari alionya kwamba atakayevunja sharti hata mara moja atakuwa ameirudisha nyumba nzima mwanzo. Wakashika sharti. Majuma ya kwanza Diwani alizidisha hotuba, kisha akaanza kupungua. Bibi alikubali shingo upande. Ndege alipoanza, alijifungia chumbani ili asije akalegea.

Ndipo ikaja asubuhi ile. Watoto wakiwa shule, wakubwa wakiwa kazini chini, sauti ikaanza juu: njoo, njoo, baba. Ikaendelea asubuhi nzima, ikipanda na kushuka. Hakuna aliyekwenda. Mchana ikakatika. Fundi akapanda na sahani ya chakula, akamkuta mama yake sakafuni chumbani, amefariki. Katika maelezo yake kwa polisi alisema ndege alikuwa kwenye tundu lake sebuleni, ametulia tuli.

Daktari wa hospitali aliandika kwamba nyonga ilivunjika, damu ikavuja ndani kwa ndani, na kwamba mama yule alilala pale muda mrefu. Angewahiwa, huenda angepona. Inspekta alimuuliza kama aliweza kuita. Daktari akainua mabega. Labda alizimia palepale, labda la.

Basi swali lilikuwa hilo tu: aliyekuwa akiita asubuhi ile ni ndege au ni mama? Ukoo haukungoja jibu. Mama Mdogo, mdogo wake marehemu, alishatoa hukumu jeneza likiwa bado sebuleni. Mwenye hatia ni mkamwana, yule mke wa Fundi, ambaye alikaa chini ya dari ile ile na masikio yake mawili, na ambaye kila mtu alijua alikuwa hampendi kasuku. Kuhusu Fundi, Mama Mdogo alisema mwanamume aliye kazini na nyundo mkononi atasikia nini. Leo alasiri wangekaa kikao. Mwanamke angerudishwa kwao, watoto wangebaki. Mkamwana huyo ndiye aliyemshika Inspekta mkono wa shati makaburini. Hakuomba atetewe. Alisema, "Afande, niambie tu kwamba alikuwa ndege."

Walipopanda ngazi sebule ilikuwa imejaa shangazi na wajomba, na tundu la kasuku lilikuwa kwenye kona limefunikwa shuka. Inspekta alikuwa hajamaliza salamu pale shuka lilipoita, kwa sauti ya marehemu, njoo, njoo, baba. Mjomba mmoja alimwagikiwa na chai mapajani. Mama Mdogo akafumba macho, akasema ndege huyo anyongwe leo leo, au apelekwe mbali, au wote wawili yeye na yule aliyeko jikoni.

"Yupi aliyeko jikoni?" Inspekta aliuliza, ingawa alijua.

"Anaosha vyombo."

Hata anayefukuzwa anaosha vyombo, Inspekta alifikiri, akaliendea tundu. Alifunua shuka. Diwani alikuwa wa kijivu, mkia mwekundu, jicho la mtu anayekudai. Chini ya tundu palikuwa na sinia la bati lililotandikwa gazeti, na gazeti lilikuwa limechafuka vibaya: kinyesi, maganda ya alizeti, manyoya, vipande vya karanga hadi sakafuni. Aliuliza lini lilibadilishwa. Binamu mmoja akasema asubuhi hii, alibadilisha yeye mwenyewe, na usimwone hivi, ndege huyu huchafua kama mbuzi.

Inspekta akamnyooshea koplo mkono bila kumtazama. Koplo huyo alikuwa na ugonjwa wa kupiga picha kila kitu. Kituoni walimcheka kwamba siku moja ataipiga picha supu yake na kuifungulia jalada. Siku ya kifo alikuwa ameupiga picha kila ukuta wa nyumba ile, na miongoni mwa picha hizo lilikuwamo tundu, Diwani akiwa ndani, na sinia chini yake. Inspekta aliikuza picha kwa vidole viwili. Gazeti lilikuwa safi. Tone moja, labda mawili, na hakuna ganda hata moja.

Akamuuliza Mama Mdogo nani alikuwa akibadilisha gazeti enzi za marehemu. Ni marehemu mwenyewe, Mama Mdogo alijibu, tena alfajiri kabla hajanywa chai, alikuwa hamwachii mtu. Inspekta akarudisha simu kwa koplo. Ndege aliyepiga kelele tangu asubuhi hadi mchana, na ambaye ndani ya asubuhi moja huchafua kama mbuzi, alikuwa amekaa juu ya gazeti la alfajiri karibu bila kulitia doa. Inspekta alifunika tundu, akamwambia koplo waende kwa jirani.

Koplo alifurahi, kwani jirani alikuwa mtuhumiwa wake. Alikuwa mlinzi wa usiku aliyelala mchana, ukuta wa chumba chake ukigusana na ukuta wa sebule ile, na mbele ya mashahidi wasiopungua nusu ya mtaa alikuwa amesema kwamba siku moja atamnyonga kasuku na mwenye kasuku. Koplo alikwishamjengea kesi nzima: mlinzi kapanda kwa nyuma kumnyonga ndege, mama kamkuta, wakasukumana.

Mlinzi aliwapokea akiwa na fulana na macho mekundu. Hakukana vitisho. Alisema ndiyo, alisema hivyo, na zaidi ya hivyo, na yeyote anayebisha aje alale pale wiki moja. Asubuhi ile alitoka kazini, akalala, kelele zikaanza. Alifanya kama kawaida yake. Alichukua kiatu akagonga ukuta.

"Naye hufanyaje ukigonga?"

"Hunijibu, afande. Mshenzi yule. Nikigonga mara tatu, naye anagonga tatu kwa mdomo, halafu ananipigia mluzi. Ndiyo inayonitia wazimu. Ananifanyia dhihaka."

"Siku ile alijibu?"

Mlinzi alifungua mdomo kusema ndiyo, akaufunga. Alikaa kitandani. Akasema kwamba siku ile hakukuwa na mluzi. Aligonga, na sauti ikanyamaza kidogo, kisha ikaja kwa nguvu zaidi, njoo, njoo, kama iliyopata tumaini. Akagonga tena, ikazidi. Akaitukana. Akaweka mto kichwani.

Inspekta alichukua kiatu kilichokuwa chini ya kitanda, akagonga ukuta mara tatu. Upande wa pili, pasipo kukawia, mdomo mgumu ukagonga vyuma vya tundu, ko, ko, ko, na mluzi mrefu wa dharau ukafuata. Koplo alicheka, kisha akaona sura za wenzake, akaacha. Mlinzi alikuwa akiitazama mikono yake.

"Nilimtukana matusi ya nguoni," alisema. "Mama wa watu. Alidhani naja."

Inspekta alikirudisha kiatu mahali pake. Nje, koplo akisikitikia kesi yake, Inspekta alimwambia kwamba sasa wanajua mambo mawili: kasuku hakuwa kwenye tundu asubuhi ile, na mchana alikuwamo. Kwa hiyo kuna mtu aliyemtoa na kumrudisha, na mtu huyo alijua tangu mwanzo kwamba juu hakuna ndege.

Karakana ilikuwa imefungwa kwa ajili ya msiba, lakini Misumari alikuwa ndani. Mzee yule hakujua kukaa msibani. Alikuwa amejitafutia kiti chenye mguu mmoja mbovu, anakigonga taratibu, misumari mdomoni. Inspekta alimwamkia, akaanza kuzunguka. Alitazama cherehani ya mke wa Fundi, hatua chache tu kutoka kwenye ngazi. Alitazama meza ya Fundi ya kukatia, iliyo mbali zaidi. Akainama nyuma ya rundo la sponji kuukuu na kutoa boksi la katoni.

Boksi lilikuwa limetobolewa matundu kwa sindano nene ya makochi, kutoka nje kwenda ndani, kwa mpangilio, kazi ya mtu anayejua kushika sindano. Kutoka ndani kwenda nje matundu yale yalikuwa yametafunwa, kingo zimeraruka. Ndani kulikuwa na maganda ya karanga, sufi kidogo ya kutandikia, na unyoya mmoja mwekundu.

Alimwagiza koplo amlete Diwani. Ilichukua muda, na koplo aliporudi alikuwa ananyonya kidole. Ndege alikuwa akipayuka ngazi nzima. Walimtia kwenye boksi, wakafunga kifuniko. Akakwaruza kidogo, akatulia. Wakasubiri. Kimya. Gizani, Diwani hakuwa na la kusema.

"Mzee," Inspekta alisema, "boksi hili umewahi kuliona?"

Misumari alinyanyua kiganja, akaanza kutema misumari mmoja baada ya mwingine, polepole, mpaka mdomo ukabaki mtupu. Bila misumari uso wake ulionekana mzee zaidi. Alisema ndiyo. Siku ile lilikuwa miguuni pa Fundi, chini ya meza ya kukatia. Alidhani ni vipande vya sponji. Inspekta akamuuliza kama kuna jambo lingine, naye akasema yapo, ila Fundi ni mwajiri wake, tena yeye Misumari ndiye aliyemfundisha kazi tangu Fundi akiwa mdogo, na mtu aliyefiwa na mama hakimbiliwi kushtakiwa polisi. Hivyo alikuwa akingoja kuulizwa.

"Nakuuliza."

Alieleza kwa sentensi fupi fupi. Sauti ilipozidi, mke wa Fundi alisimamisha cherehani. Alisikiliza. Alisema, hivi huyu ni Diwani kweli? Akaenda hadi kwenye ngazi, akashika mbao ya kushikia. Fundi akamwambia kaa. Akamwambia ukipanda utaharibu kazi yote, daktari alisema nini? Mke akarudi, akakaa. Baadaye akasimama tena, na Fundi akasema kaa, safari hii kwa ukali. Mchana sauti ilipokatika, mke alikuwa uani akianua vitambaa. Fundi alipanda na sahani. Akashuka mikono mitupu, uso kama chokaa. Akachukua boksi chini ya meza, akapanda nalo. Kisha ndipo Misumari alipomsikia akipiga ukelele kwamba mama amekufa.

"Alipanda mara mbili," Inspekta alisema.

"Mara mbili. Mara ya kwanza hakulia."

Fundi aliitwa. Aliingia karakanani na kanzu yake ya msibani, mtu mnene wa mabega aliyekonda kwa siku chache, akaliona boksi juu ya meza, akalitambua kabla hajakaa. Inspekta alimwacha akae kwenye kochi ambalo halikuwa na kitambaa, springi tupu. Yeye mwenyewe alisimama.

Alisema boksi hilo ni la takataka. Inspekta akanyanyua ule unyoya mwekundu, akauweka gotini pa Fundi. Fundi aliutazama. Akasema alitaka kumtoa Diwani kwa muuza ndege, kwa amani tu, mtu huyo angepita mchana kumchukua. Mama akiwa bafuni asubuhi, yeye alimtia Diwani kwenye boksi na kulegeza dirisha la sebule, ili baadaye aseme katoroka. Hakumkusudia mtu mabaya. Ile ilikuwa ni nyumba, alisema, si soko, na watu wanahitaji kupumzika.

"Mkeo alijua?"

"Hapana."

"Misumari?"

"Hakuna aliyejua."

"Kwa hiyo sauti ilipoanza, ndani ya karakana hii ni mtu mmoja tu aliyejua kwamba si ndege."

Fundi alianza kusema kwamba nyundo zilikuwa zinagonga na hakusikia vizuri. Inspekta akamkatiza: alisikia vizuri kiasi cha kumwambia mkewe akae, tena mara mbili. Boksi likakwaruza. Fundi akaruka kidogo, kisha akaweka viwiko magotini na kuongea akiwa ameinamia sakafu.

"Nilijua ni mama."

"Endelea."

"Nilidhani ameona tundu tupu. Nilidhani anamlilia yule ndege. Mimi nilipovunjika mguu nikalazwa, afande, alikuja kuniona mara moja. Akasema anawahi nyumbani, Diwani hajala. Baba alipokufa alilia siku mbili, ya tatu akaanza kumfundisha ndege mluzi. Basi nikasema leo na alie. Nikipanda atanitaka nimtafute mtaa mzima. Nikasema atalia, atachoka, atanyamaza."

"Na aliponyamaza?"

"Nikapanda."

Koplo aliyekuwa akiandika alisimamisha kalamu. Inspekta hakusita. Alimuuliza kwa nini alimrudisha ndege. Kisha akamjibia yeye mwenyewe. Tundu likikutwa tupu, kila mtu angeuliza aliyekuwa akiita ni nani. Tundu likiwa na ndege, mambo yangebaki hayajulikani, na lisilojulikana huangukia mtu asiye na wa kumtetea. Alipopanda mara ya kwanza, je, mama alikuwa amekwisha kufa? Fundi alisema mikono ilikuwa imepoa. Inspekta alimtazama. Hakumwamini wala hakumkatalia. Jambo hilo lilikuwa na shahidi mmoja tu, naye alikuwa amekaa kwenye springi mbele yake.

"Siku zote hizi wanamwita mkeo muuaji," alisema. "Leo wanamnyang'anya watoto. Ulikuwa umekaa pale pale."

"Wangemsamehe baadaye," Fundi alisema. "Kwake hakuwa mama mzazi. Kwangu mimi ni mama yangu."

Inspekta alimwambia asimame. Kituoni angeandika maelezo mapya, na ya kwanza yangeambatanishwa ili waendesha mashtaka waone alivyowadanganya. Moyoni alijua kesi itakuwa nyembamba. Kumdanganya polisi, ndiyo. Kuchezea mahali pa tukio, ndiyo. Lakini kumfunga mtu kwa sababu hakupanda ngazi, wakili mzuri angemtoa kabla ya chakula cha mchana. Alimchukia, na kwa kuwa hilo halikuwa kwenye sheria alilinyamazia, akamkabidhi kwa koplo.

Juu, kikao kilikuwa kimeshaanza. Inspekta aliingia katikati ya sentensi ya Mama Mdogo, akawaeleza akiwa amesimama, bila kupaka mafuta. Mwishoni akasema kwamba mtu atakayemtenga mama na watoto wake katika nyumba hii atakuja kueleza kituoni. Mjomba mmoja akasema alishahisi tangu siku ya kwanza. Mwingine akasema hata yeye. Mama Mdogo alilia kwa uchungu wa kweli, maana ndiye aliyemlea Fundi, kisha akafuta macho, akapata pa kushika: kama mkamwana asingekuwa analalamika kila siku juu ya kelele za ndege, mume asingefikia huko.

"Mama," Inspekta alisema, "wewe ungefaa kuwa mkuu wa kituo."

Akawapita, akaenda jikoni.

Mke wa Fundi alikuwa amesimama kwenye beseni, mikono ndani ya maji hadi viwiko, sufuria za msiba zimepangwa mpaka dirishani. Begi lilikuwa karibu na mlango, limefungwa. Alipomwona Inspekta alinyooka, lakini hakutoa mikono majini. Inspekta alikuwa ametoa taarifa mbaya kwa watu wengi, na siku zote aliona bora kuzitoa zikiwa fupi.

"Hakuwa ndege, dada."

Mwanamke aliitikia kwa kichwa. Aliitikia tena na tena, kama anayehesabu kitu. Akauliza kama aliita muda wote ule. Inspekta akasema ndiyo. Akauliza kama alikuwa akiwaita wao, na Inspekta akasema alikuwa akimwita mwanawe. Kisha akamweleza yaliyobaki: boksi, meza ya kukatia, ngazi iliyopandwa mara mbili. Akamwambia kwamba watoto ni wake na kikao kimevunjika. Mwanamke alisikiliza yote hayo akiwa ameshika mdomo wa sufuria, na machozi yalimtoka bila sauti, yakadondokea kwenye maji machafu.

"Kuna kitu kimoja sijakielewa," Inspekta alisema. "Misumari anasema ulisimama mara mbili uende, mumeo akakuzuia. Kwenye maelezo yako hukulisema hilo. Hapo sebuleni wamekutukana siku zote hizi, hukulisema. Neno hilo moja lingekutoa."

Dirishani, chini, koplo alikuwa akimwingiza Fundi kwenye gari, mkono juu ya kichwa chake asigonge. Mwanamke alitazama mpaka mlango ukafungwa.

"Nilimwonea huruma," alisema. "Niliwaza, ikija kujulikana kwamba alikuwa mama, basi yeye ndiye atakuwa amenizuia nisiende kumwokoa mama yake mwenyewe. Mtu anaishije na kitu kama hicho, afande? Nikasema bora wanilaumu mimi, mimi si damu yao. Nilitaka asijue."

Gari liliondoka. Alifuta uso kwa mkono wa gauni, akavuta sufuria iliyofuata.